Cheti Kile Si Changu



Jumamosi iliyopita niliweka picha hapa, na wengi mliiona. Nimesimama mbele ya hema la buluu katika uwanja wa shule, nimevaa ile suti ya kijivu, mkono mmoja umeshika cheti na mwingine umeshikwa na mgeni wa heshima. Cheti kinasema mimi ni mzazi wa kujitolea wa mwaka. Chini ya picha niliandika maneno yetu yale ya kumrudishia Mungu utukufu. Mkanipongeza. Mkaandika "hongera Pasta", mkaandika "unastahili", na dada yetu mmoja aliyeko Doha akaandika kwamba anajivunia kulelewa kiroho na mtu kama mimi. Nilizisoma zote. Usiku kabla ya kulala nikazisoma tena, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Leo nataka kuzirudisha. Picha sijaifuta, maana kuifuta ingekuwa kujificha mara ya pili. Lakini anayestahili zile pongezi hayumo kwenye picha, na wakati inapigwa nilijua yuko wapi. Alikuwa kama mita hamsini nyuma ya mpiga picha, anapakua pilau ya wageni.

Shule siitaji. Ni ya serikali, iko upande huu wetu wa Msambweni, ndani kidogo ya barabara ya Lunga Lunga. Mimi ni mzazi pale na ni mjumbe wa bodi. Kujitolea kwangu ni huku: nafungua mikutano kwa maombi na kuifunga kwa maombi, naazima hema na viti vya kanisa, na mara mbili nimeleta wageni kutoka hoteli za Diani wakatoa madaftari na mipira. Nikisema kweli mbele za Mungu, orodha imeishia hapo.

Nyuma ya darasa la chekechea kuna banda la makuti. Ndani yake kuna mafiga, sufuria mbili kubwa, pipa la maji, na mama mmoja wa miaka hamsini na kitu. Watoto wanamwita Mama Uji. Jina lake halisi amenikataza kuliandika, na picha amekataa kabisa. "Andika ukitaka," aliniambia, "lakini mimi usinitoe huko kwenye simu." Ni Mdigo wa hapa hapa, ni Muislamu, na naomba hilo mlishike kwa sababu nitalirudia.

Alianza kupika pale kitinda mimba wake alipoingia chekechea. Wazazi walikuwa wakipokezana zamu, wiki huyu, wiki yule. Mnajua zamu za kujitolea zinavyokwenda: mwezi wa kwanza watu kumi, mwezi wa tatu wanne, mwaka ukiisha amebaki mmoja. Kitinda mimba alimaliza darasa la nane zamani, sasa yuko Mombasa anatafuta maisha. Mama yake hakuondoka. Hana mshahara. Muhula ukifungwa, walimu wakikumbuka, hupewa leso na kilo mbili za sukari.

Kuna watu wanadhani uji ni kitu kidogo. Njoo saa kumi na moja alfajiri uone. Anawasha moto kwa makumbi na vifuu, kwa sababu kuni siku hizi ni ghali na mikoko haiguswi. (Mikoko yetu inalindwa, na ni vizuri. Ndugu zetu wa Gazi wameitunza mpaka ikawatunza. Tangu 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni, na fedha zake zimenunua vitabu vya shule na kuvuta maji.) Basi makumbi yanashika moto polepole na kutoa moshi mwingi. Unga anaukoroga kwanza katika maji baridi, ndipo anaumimina kwenye maji yanayochemka huku anasonga kwa mwiko mrefu kama kasia, asipumzike, maana ukipumzika unashika chini na sufuria nzima inanuka moshi. Chumvi kidogo, sukari ikiwapo, ndimu. Saa nne kengele inalia na watoto wa chekechea mpaka gredi ya tatu wanajipanga na vikombe vyao.

Nilimuuliza siku moja anajuaje nani amelala na njaa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kuwa ni mchana. Akasema, "Aliyekula nyumbani hupuliza uji. Asiyekula hapulizi."

Elimu ya bure ya 2003 ilijaza madarasa yetu, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Haikuja na uji. Chakula cha shule nchini Kenya kilianza mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani, mwaka 2009 serikali ikaanza mpango wake wa kununua chakula kwa wakulima wa karibu na shule, na mwaka 2018 shirika lile likaikabidhi serikali kazi yote. Mpango huo unalenga hasa maeneo makavu, na haufiki kila shule. Sisi hatukuwamo. Kwetu uji ni wa wazazi: kilo mbili za mahindi na shilingi mia kila mwezi kwa kila mtoto, na Ijumaa mtoto abebe ukuni au vifuu vichache kutoka nyumbani. Na wa kuupika ni yeye.

Sasa nirudi Jumamosi. Wiki mbili kabla, bodi ilikaa kupanga watakaotuzwa siku ya wazazi. Mwalimu mmoja alimtaja Mama Uji. Mwingine akasema yeye si mzazi wa shule tena, na kweli, ukifuata Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, chama cha wazazi ni cha wenye watoto waliomo shuleni. Tuzo ni ya mzazi. Mtoto wake hayupo. Likapita. Jina lililofuata lilikuwa langu. Mimi ninayejua kusimama madhabahuni na kupaza sauti mpaka waumini wakasimama, siku ile nilikunja mikono na kutazama dari.

Na siku yenyewe, baada ya hotuba ndefu ya mwakilishi wadi na shairi la watoto, nilipita karibu na banda nikiwa na cheti changu. Nikamwambia, "Mama, pilau leo imekolea." Alikuwa amejifunga leso ya pili kiunoni, macho mekundu kwa moshi, anakohoa. Akafuta mkono, akanipa, akasema, "Hongera, Pasta."

Jioni nikiwa nyumbani napigilia msumari sebuleni, mwanangu ameshika cheti. Huyu ndiye wa sekondari msingi. Akaniuliza, "Baba, hiki si wangempa Mama Uji?"

Nikamweleza habari ya sheria. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini wewe hukulipa uji wangu."

"Lini?"

"Ule mwaka wa korona."

Jikoni vyombo vikanyamaza. Nikageuka, nikamwona mke wangu amesimama mlangoni na taulo mkononi. Alijua. Amejua miaka yote hii. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Ningekuambia nini, na wewe ulikuwa unafunga siku tatu tatu?"

Wapendwa, mliokuwa nasi miaka ile mnakumbuka. Machi 2020 ndege za nje zilisimama na Diani ikafa. Nusu ya kanisa letu ni watu wa hoteli: wanaotandika vitanda, wapishi, watunza bustani, walinzi, akina dada wa kufua. Wote walirudi nyumbani. Hata ibada ziliporuhusiwa, kikapu cha sadaka kilipita watu wote na kurudi chepesi. Shule zikafunguliwa kwa wote tarehe 4 Januari 2021, na mtoto wangu wa gredi ya pili akarudi darasani na mimi sina hata shilingi mia. Niliamini fedha itakuja wiki inayofuata. Niliamini hivyo kila wiki. Nilikuwa nafunga na kuomba mlango ufunguke, na kumbe kila siku saa nne mtoto wangu alikuwa anakula kwa mkono wa mtu mwingine, nami sikuuliza anakula nini.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa bandani. Nikapiga hodi.

"Karibu, Pasta. Kaa upande ule, moshi unakuja huku."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Yakapotea. Nikasema tu, "Mama, mwaka ule wa korona mwanangu alikunywa uji wako."

"Alikunywa."

"Na mimi sikuwa nimeleta kitu."

"Hukuleta," akasema, na akaendelea kusonga.

Baadaye alinawa mikono, akavuta sanduku la mbao kutoka nyuma ya pipa, akatoa daftari la jalada gumu lililoliwa pembe na mende. Ni daftari la uji la 2021. Jina la mwanangu limo, na mbele yake kuna alama za vema, wiki baada ya wiki. Nikauliza nani alilipa. Akasema hakuna aliyelipa. Alitia vema ili wale wanafunzi wakubwa waliokuwa wakisimamia foleni wasimrudishe.

Na hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu ndipo nilipovunjika. Kwa nini mtoto arudishwe? Kwa sababu mwanzoni mwa mwaka ule bodi ilipitisha kwamba asiyeleta asipewe. Unga ulikuwa haba, wazazi wengi walikuwa hawaleti, tukasema tuweke nidhamu. Ni agizo letu. Mimi nilikuwa kwenye kiti nikaunga mkono, nikijua nyumbani kwangu hakuna mahindi, kwa kuwa sisi tutalipa wiki ijayo. Na mkutano ule nilifunga mimi kwa maombi.

Nikamwambia, "Mama, ulivunja agizo la bodi."

Akasema, "Nyinyi mlisemea vitini. Mimi ndiye niliyekuwa natazamana nao. Mngekuja mmoja wenu mmwambie mtoto wa miaka minane arudishe kikombe, ningewapa upawa wangu nikaenda nyumbani."

Nikauliza wangapi walikuwa hivyo. Hakuhesabu, alisema, arobaini, labda hamsini. Mumewe alikuwa mtunza bustani katika hoteli, naye amerudishwa nyumbani kama wengine. Kwa hiyo unga ulitoshaje? Mimi nilikuwa nangoja ushuhuda, nawaambia ukweli. Mchungaji huwa anangoja ushuhuda. Nilitaka aniambie kwamba gunia lilikuwa halipungui.

"Niliongeza maji," akasema. "Na makopa ya kwangu nikayatwanga nikachanganya. Ndiyo maana ule uji ulikuwa mwepesi. Mlisema ni mwepesi, na ulikuwa mwepesi kweli."

Mlisema. Neno hilo likanirudisha. Nilikuwa nimesahau, na sijui mtu anasahaje jambo kama hilo, ila najua kwamba aliyetenda husahau upesi kuliko aliyetendwa. Muhula ule, siku chache kabla ya kufunga, mzazi mmoja alilalamika kwamba uji umekuwa maji. Hesabu kwenye daftari zinaonyesha watu wameleta, vema zimejaa, na uji ni maji. Basi unga unakwenda wapi? Tukamwita. Alisimama mbele yetu, sisi tumekaa. Hatukumwambia mwizi. Tulimuuliza tu, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama kuna kitu angependa kutueleza. Angeweza kutueleza. Angeweza kufungua daftari na kusema hizi vema ni za uongo, na huyu hapa ni mtoto wa pasta wenu. Alisema, "Watoto ni wengi," basi. Ikaandikwa katika kumbukumbu za mkutano kwamba unga umepungua kwa njia isiyoeleweka na mpishi ameonywa. Tukafunga kwa maombi. Mnajua aliyeomba.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri alikuwa bandani.

Tangu Jumatatu nimekuwa nikisoma 1 Wafalme 17, habari za mjane wa Sarepta. Ni andiko ninalolifahamu. Nimelihubiri labda mara kumi na mbili, na karibu kila mara vikapu vya sadaka vilikuwa vinasubiri pembeni. Ninyi wenyewe ni mashahidi. Huwa nasema: mtangulize mtumishi wa Mungu, mpe mkate wa kwanza, na pipa lako la unga halitapungua. Sitaki kusema mahubiri yale yote yalikuwa ya uongo. Lakini nimelisoma safari hii nimekaa upande mwingine wa sufuria, na nimeona mambo niliyokuwa nikiyapita mbio.

Ni wakati wa ukame. Eliya amekauka, kijito alichokuwa akinywa kimekauka. Nabii ana njaa. Mungu hamtumi kwa mfalme wala kwa mzee yeyote wa Israeli. Anamvusha mpaka mpaka nchi ya Sidoni, kwa watu wa dini nyingine, kwa mama mmoja anayeokota kuni langoni. Na haendi kumlisha. Anakwenda kulishwa. Mtumishi wa Mungu anafika mikono mitupu na kuomba maji, halafu anaomba na mkate. Sisi wachungaji tunapenda kuwa upande wa pipa lenye unga. Tunapenda picha ya kutoa, na hema la buluu nyuma yetu. Sijawahi kumwona mchungaji aliyeweka picha yake akipokea uji kikombeni.

Mama yule wa Sarepta Biblia haikumpa jina, kama huyu wetu alivyolikataa lake. Lakini Bwana Yesu alimkumbuka. Luka 4, akiwa kwao Nazareti, alisema wajane walikuwa wengi Israeli siku zile na nabii hakutumwa kwa yeyote ila kwa yule wa Sarepta. Soma kilichofuata. Watu wa sinagogi walijaa hasira, wakamtoa nje ya mji mpaka ukingo wa kilima wamtupe chini. Watu wa ibada, siku ya ibada.

Naisema hiyo kwa sababu Jumanne nilipigiwa simu. Nilikuwa nimewadokezea wazee wa kanisa kwamba nataka tumheshimu mama huyu, tena kwa fedha. Mzee mmoja, ambaye nampenda na sitamtaja, akaniuliza, "Pasta, si yule ni Muislamu? Fungu la kumi la watu wa Mungu limwendee Muislamu, na sisi tuna wajane wetu hapa?" Nikamwambia wajane wetu tutawaangalia pia, na tukipungukiwa tutaongeza maji. Akacheka, lakini hakuridhika. Na baadhi yenu mtauliza kama nilimshuhudia habari za wokovu. Sikumshuhudia. Nilikwenda kuomba msamaha. Mtu haendi dukani kulipa deni halafu akaanza kumfundisha mwenye duka namna ya kuuza.

Pia nilisoma habari za Dorkasi, Matendo 9. Wajane wamesimama wanalia, wanamwonyesha Petro kanzu na nguo alizokuwa akiwashonea. Ila yeye ameshakufa, amelazwa ghorofani. Sisi huku Pwani tunajua sana kuzika. Hapo Msambweni ukifa leo tutachangishana usiku huu huu, tutakodi matatu tatu, tutasimulia wema wako mpaka kaburi lifunikwe. Mimi ningehubiri vizuri sana kwenye matanga ya mtu niliyemwita mwizi. Kikohozi cha mama yule nimekisikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kuni, mkaa na mafuta ya taa majumbani unachangia mamilioni ya vifo kila mwaka duniani. Huyu amekaa ndani ya moshi huo miaka kumi na zaidi kwa ajili ya watoto wasio wake, na sisi tulikuwa tunaazimana hema.

Basi haya ndiyo tuliyofanya mpaka sasa. Jumatano kanisa limekubali, si wote kwa furaha, kwamba fedha tulizokusanya za spika mpya zikanunue jiko la shule, lile la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje, linalokula kuni kidogo. Fundi wa Ukunda amesema elfu sitini na tano, na msingi tujenge wenyewe. Spika zitaendelea kukwaruza. Mtanivumilia, au nitahubiri kwa sauti ya chini, na nadhani hilo halitamdhuru mtu. Jumamosi hii saa moja asubuhi tunakutana shuleni kuchimba msingi na kuezeka banda upya. Wanaume waje na majembe, anayeweza kupata makuti ayalete.

Habari ya posho ya kila mwezi iko mbele ya bodi. Kuna wanaosema hakuna fedha za mpishi. Sitawadanganya, bado hatujakubaliana, nami sitaacha.

Cheti nilimpelekea bandani siku ile ya Jumatatu. Hakukishika hata kidogo. Mikono yake ilikuwa na unga, alisema, na tena kina jina langu. Nikamuuliza, basi mama, tukufanyie nini? Nilitegemea ataje jiko, au matibabu ya macho, au karo ya mjukuu. Alikoroga sufuria muda mrefu.

"Ile karatasi mliyoandika kwamba unga ulipotea," akasema, "iko wapi?"

Nikamwambia iko ofisini, kwenye faili.

"Hiyo ndiyo nataka muiondoe. Wajukuu zangu watasoma shule hii."

Alhamisi bodi ilikaa. Nikaeleza yote, na ya kwangu nikayaeleza kwanza. Wengine walisema ni mambo ya zamani, tusifukue. Mwenyekiti akasema kumbukumbu zilizotiwa sahihi haziwezi kung'olewa kwenye faili, na hilo ni kweli. Lakini tunaweza kuandika nyingine ya kuzisahihisha, kwamba hakuna unga uliopotea, kwamba mpishi alionywa bila kosa, na kwamba lile agizo la asiyeleta asipewe limefutwa. Wanne tukaunga mkono, watatu wakanyamaza. Imepita. Itasomwa mbele ya wazazi wote siku ya kufungua shule, hadharani, kama cheti kilivyotolewa hadharani.

Jana nilipita bandani kumpa habari. Akauliza nani atasoma. Nikamwambia nitasoma mimi.

"Basi usisome kama unavyoomba," akasema. "Wewe ukiomba huwa unafumba macho."